Vanishi ya Sakafu ya Mbao

Vanishi ya sakafu ni utando mwembamba upakwao juu ya mbao mpya zilizokwisha kupigwa randa na msasa, ili kuzihifadhi na maji, taka na msuguano wa nyayo. Na pamoja nayo huhesabiwa mafuta na nta, ingawa mafuta aghalabu hunywewa na ubao badala ya kukaa juu yake.

Historia. Katika karne ya 19, malighafi iliyosifika mno kwa vanishi ngumu ilitoka mwambao wa Afrika ya Mashariki, nayo ni sandarusi, utomvu wa msandarusi uliofukiwa ardhini dahari nyingi hata ukawa mgumu, ambao wachimbaji wa Mrima waliufukua kwa majembe, na ambao, ukishasafishwa, ulidhihirisha vipele vidogo kama vya ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Kutoka Unguja ulisafirishwa hadi Salem, Marekani, na Hamburg, Ujerumani, ukayeyushwa kwa moto mkali na kuchanganywa na mafuta ya kitani. Mwaka 1937 Otto Bayer na wenziwe, huko Leverkusen, walivumbua poliurethani, ambayo leo ndiyo msingi wa vanishi nyingi za sakafu.

Aina. Shelaki, itokanayo na wadudu wa Bara Hindi na kuyeyushwa kwa spiriti, hukauka upesi na kung'arisha ubao, lakini maji yakituama juu yake huacha alama nyeupe, kwa hiyo haifai jikoni wala mlangoni. Mafuta ya kitani hukauka polepole kwa kuvuta oksijeni ya hewa, nayo hutaka kupakwa upya mara kwa mara. Poliurethani ya mafuta ni ngumu na hutia ubao rangi ya asali, ilhali ile ya maji hukauka kwa saa chache, ina harufu hafifu, na huiacha rangi ya ubao karibu kama ilivyo.

Tabia ya ubao. Mvule na msaji zina dutu za asili ziwezazo kuzuia vanishi ya mafuta isikauke, hata sakafu ikabaki ikinata siku nyingi. Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu huzipangusa kwanza kwa kiyeyushi, hutanguliza mkono mmoja wa shelaki isiyo na nta, na hujaribu kipandeni kabla ya kuigusa sakafu yenyewe. Mbao zisizozoea unyevu wa nyumba zisipakwe kitu, kwani zikinywea baadaye hupasua utando katika maungo.

Uchaguzi. Uimara haupimwi kwa mng'aro wala kwa ugumu peke yake. Poliurethani hustahimili miaka mingi ya mapito, lakini ikichakaa hadi kwenye ubao, kiraka chake huonekana dhahiri, na aghalabu chumba kizima hupigwa msasa. Sakafu ya mafuta huchakaa mapema, illa mwenye nyumba aweza kuitengeneza pale pale palipochakaa, kwa kitambaa na mkono wake. Basi nyumba yenye watoto, mchanga na wageni wengi yastahili poliurethani, mikono mitatu, kila mmoja ukipigwa msasa laini kabla ya ufuatao. Na mwenye saburi ya kuihudumia sakafu yake kila mwaka atafaidi mafuta. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe kamwe, kwani hupata joto vyenyewe na kuwaka moto. Na vitandazwe nje hata vikauke kabisa.