Kilichotulia Hakijalala: Historia ya Wazo la Msawazo

Mwaka 1798 mkemia Mfaransa Claude-Louis Berthollet alifika Misri akiwa miongoni mwa wanazuoni walioandamana na jeshi la Napoleon. Magharibi mwa delta ya mto Nile yapo maziwa ya Wadi Natrun, ambako Wamisri walichota magadi tangu enzi za mafarao na kuyatumia kukaushia maiti kabla ya kuzika. Berthollet alikuta ukoko wa magadi umeganda kandokando ya maziwa hayo, mahali ambapo maji ya chumvi hugusana na mawe ya chokaa. Jambo hilo lilipingana na alichokijua maabarani. Ulaya, mkemia aliyechanganya magadi na kloridi ya kalsiamu alipata chokaa na chumvi ya kawaida; hapa chumvi na chokaa ndivyo vilivyokuwa vikizaa magadi. Wakemia wa wakati ule walikuwa na majedwali yaliyoonyesha kipi kinavutwa na kipi, nao waliamini mmenyuko una njia moja tu ya kwenda. Berthollet aliona kwamba wingi nao una sauti: chumvi ilikuwa tele, chokaa ilikuwa tele, na magadi yaliyoundwa yaliganda ufukweni yakajitoa kwenye maji. Mmenyuko uleule ulikuwa umegeuzwa njia na mazingira yake.

Ugunduzi huo ndio mlango mzuri wa kuingilia historia ya msawazo, yaani ile hali ambayo mfumo hauonekani tena kubadilika. Mazoea yetu hutufanya tudhani kwamba kitu kilichotulia kimemaliza safari yake. Wanasayansi wa karne mbili zilizofuata walithibitisha kinyume chake: mfumo hutulia pale nguvu zinazokinzana zinapofutana huku kila moja ikiendelea na kazi yake. Kwa hiyo utulivu hautuambii kwamba mambo yamekwisha, sembuse kwamba yamekuwa mema. Mwaka 1864 mashemeji wawili wa Norwei, Cato Guldberg na Peter Waage, waliligeuza wazo la Berthollet kuwa kanuni ya hesabu. Miaka 20 baadaye Mholanzi Jacobus van 't Hoff na Mfaransa Henry Le Chatelier walieleza jinsi msawazo unavyosogea ukibanwa, ukipashwa moto au ukiongezewa kitu. Faida yake ilionekana mwaka 1909, Fritz Haber alipounganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kupata amonia. Gesi hizo zikiachwa ndani ya chombo hutulia zikiwa zimetoa amonia kidogo tu. Haber aliongeza shinikizo hadi karibu mara 200 ya shinikizo la hewa ya kawaida, akaweka kichocheo cha kuharakisha mmenyuko, kisha akawa anaiondoa amonia kila inapoundwa, kama vile ufukwe wa Wadi Natrun ulivyoyaondoa magadi. Mbolea ya urea inayouzwa leo katika maduka ya pembejeo imetokana na njia hiyo. Haber hakungoja msawazo umpe alichotaka. Alibadilisha masharti yake.

Wanafizikia nao walikuwa na swali lao. Chai ya moto hupoa mpaka ilingane na hewa ya chumbani, lakini hakuna aliyewahi kuona chai iliyopoa ikijipasha yenyewe. Kwa nini safari iwe ya upande mmoja? Mwaka 1872 Ludwig Boltzmann wa Austria alijaribu kuonyesha kwa hesabu kwamba molekuli zinazogongana lazima zielekee kwenye msawazo. Rafiki yake Josef Loschmidt alimletea pingamizi zito mwaka 1876: sheria za mwendo hazibagui mbele na nyuma, kwa hiyo tukizigeuza molekuli zote zirudi zilikotoka, zitarudi, na mfumo utauacha msawazo. Pingamizi hilo lilikuwa sahihi, na Boltzmann alilijibu mwaka uliofuata kwa kubadilisha maana ya jambo lenyewe. Msawazo ni hali inayoweza kupatikana kwa njia nyingi kupita kiasi, ilhali hali nyingine zina njia chache. Mfumo hufika huko kwa sababu karibu njia zote zinaelekea huko, bila sheria yoyote kuuamuru.

Wanandoa Paul na Tatiana Ehrenfest waliliweka jibu hilo wazi mwaka 1907 kwa mfano wa mbwa wawili na viroboto. Tuseme viroboto 100 wenye namba wote wako kwa mbwa mmoja. Kila mara namba moja inaitwa kwa bahati nasibu, na kiroboto mwenye namba hiyo anahamia kwa mbwa mwingine. Mwanzoni karibu kila anayeitwa anahama kutoka kwa mbwa wa kwanza, kwa kuwa ndiko wengi waliko. Kadiri idadi zinavyokaribiana, wanaokwenda na wanaorudi wanalingana, na hesabu inacheza karibu na 50 kwa 50. Hakuna kiroboto aliyetulia. Kilichotulia ni hesabu ya jumla tu. Je, wote 100 wanaweza kurudi kwa mbwa wa kwanza? Wanaweza. Lakini kama anaruka mmoja kila sekunde, muda wa wastani wa kungoja unazidi umri wa ulimwengu, takriban miaka bilioni 13.8, mara maelfu ya mabilioni. Loschmidt alikuwa sahihi kuhusu kinachowezekana, na Boltzmann alikuwa sahihi kuhusu kinachotokea.

Hadi hapo mtu anaweza kusema kwamba molekuli hazina uchungu, hivyo si muhimu zinatulia wapi. Lakini Afrika Mashariki ndiko ulikopatikana mfano ulio hai zaidi wa msawazo wenye uchungu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali mwaka 1949 akagundua kwamba jeni ya selimundu ni ya kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu nyanda za juu. Lilikuwa fumbo, kwa sababu mtoto anayerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama alikuwa akifariki mapema, na jeni inayoua hivyo ilipaswa kufifia kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1954 Allison alichapisha jibu. Karibu na Kampala alikuwa amepima watoto 290: kati ya 43 waliobeba jeni moja, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, na kati ya 247 wasio nayo, 113 walikuwa navyo. Jeni moja ilikuwa kinga.

Tuitazame familia moja ya mfano. Baba na mama wote wanabeba jeni moja, wote wazima. Kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa na ugonjwa wa selimundu, nafasi moja kati ya nne ya kukosa jeni hiyo kabisa na hivyo kukabili malaria bila kinga yake, na nafasi mbili kati ya nne za kuwa kama wazazi wake. Malaria ilikuwa inawapunguza wa upande mmoja, selimundu wa upande mwingine, na jeni ikabaki palepale kwa vizazi vingi. Kwenye karatasi ya mtaalamu idadi hiyo ni thabiti. Nyumbani, uthabiti huo ulishikiliwa na vifo vya watoto wa pande zote mbili. Hakuna mfano unaopinga kwa nguvu zaidi imani kwamba maumbile yakiachwa hujipanga vizuri. Ndiyo maana vyandarua, dawa za malaria, upimaji wa watoto wachanga na dawa ya haidroksiyurea kwa wagonjwa wa selimundu ni mambo ya haki: yanaondoa vifo vilivyokuwa vikibeba msawazo wenyewe.

Serengeti inatoa somo la pili, kwamba hali tunayoiita ya asili huenda ni msawazo wa juzi tu. Kuanzia mwaka 1890 hivi ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe, nyati na nyumbu Afrika Mashariki, na wafugaji wakafa njaa. Nyumbu walipohesabiwa mwaka 1961 walikuwa kama 260,000, na mtu angeweza kudhani kwamba hicho ndicho kiwango chao. Chanjo ya ng'ombe ilipokata mnyororo wa maambukizi, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3, kisha ongezeko likasita, kwa sababu sasa kilichowabana kilikuwa uhaba wa malisho wakati wa kiangazi. Nyasi zilipoliwa zaidi, moto wa mbuga ulipungua. Moto ulipopungua, miti michanga ilipata nafasi ya kukua. Nguvu moja iliondolewa na mfumo mzima ukaenda kutulia mahali pengine.

Msomaji mwenye ujuzi wa fizikia atapinga: Serengeti haiko kwenye msawazo hata kidogo, kwani inaishi kwa jua na mvua inayoingia kila mwaka, na msawazo wa kweli wa kiumbe hai ni kifo. Pingamizi hilo lina uzito. Ilya Prigogine alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa kazi yake kuhusu mifumo inayosimama kwa kupitishiwa nishati bila kukoma. Lakini tofauti hiyo inaongeza nguvu ya hoja hii. Kama hata chombo kilichofungwa hutulia kwa miondoko inayofutana, basi uthabiti unaotegemea kinachoingia na kutoka unahitaji kulindwa zaidi, maana mrija mmoja ukikatwa, uthabiti huo haubaki kama ulivyokuwa.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwenye uchumi. Léon Walras, aliyefundisha Lausanne, alitoa mwaka 1874 kitabu kilichojenga nadharia ya masoko yanayosawazika yote kwa pamoja, akiiga umakanika wa Louis Poinsot. Tangu hapo wengi wamesema: liacheni soko, litatulia lenyewe. Mwaka 1954 Kenneth Arrow na Gérard Debreu walithibitisha kwamba, kwa masharti maalumu, bei za kusawazisha masoko yote zipo. Kuwapo kwa bei hizo hakumaanishi kwamba soko litazifikia: mwaka 1960 Herbert Scarf alionyesha uchumi wa kinadharia ambao bei zake huzunguka bila kutulia. John Maynard Keynes alikuwa ameshaeleza mwaka 1936 kwamba uchumi unaweza kutulia huku umati ukikosa kazi, na mwaka 1950 John Nash alitoa wazo la msawazo ambapo hakuna anayefaidika kwa kubadilika peke yake, hata kama wote wanaumia. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaijua hali hiyo. Anayeacha nyavu za kokoro peke yake analala njaa huku wenzake wakiendelea kukomba samaki wachanga, kwa hiyo kila mmoja anaendelea na ziwa linazidi kupungukiwa. Kumhubiria mvuvi mmoja mmoja hakutoshi. Kinachotakiwa ni kanuni inayowabana wote kwa pamoja na kusimamiwa kwa haki.

Ni kweli kwamba watu si molekuli wala viroboto, na anayechukua hesabu za gesi na kuzibandika juu ya jamii anajidanganya. Molekuli hazina baraza la kujadili sheria zinazoziendesha. Sisi tunalo, na hilo linatuondolea kisingizio. Tunapoambiwa kwamba mishahara, bei za mazao au vifo vya uzazi vimetulia katika kiwango fulani, tuna wajibu wa kuuliza ni nguvu gani zinazokishikilia kiwango hicho, na nani anayelipa ili kisisogee. Nguvu hizo zikishajulikana, kuziacha kama zilivyo ni uamuzi kama uamuzi mwingine wowote, na wanaoufanya wanapaswa kuutolea hesabu mbele ya wanaoumia.