Papa potwe: jitu la bahari lililochelewa kuandikwa

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Hufikia urefu wa mita 12 na zaidi. Ngozi yake ya kijivu imetapakaa madoa meupe, na kinywa chake kipana kiko mbele kabisa ya kichwa, si chini kama cha papa wengi. Meno anayo kwa maelfu, lakini ni madogo mno na hayana kazi ya kutafuna: chakula chake ni uduvi, dagaa na mayai ya samaki, anavyovichuja kwa matamvua.

Potwe ndilo jina lake kisiwani Mafia, Tanzania. Kenya huitwa pia papa shilingi, kwa kuwa husimuliwa kwamba Mungu alipendezwa naye hata akamtupia shilingi, zikamganda mgongoni. Jina hilo halielekei kuwa la kale sana, maana shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. Wavuvi wa Madagaska waliyatazama madoa hayohayo wakaona mbingu ya usiku. Wao humwita marokintana, yaani nyota nyingi.

Kwa wanasayansi historia yake inaanzia Table Bay, Cape Town, Aprili 1828, alipochomwa chusa papa wa mita 4.6. Andrew Smith, daktari wa jeshi la Uingereza, alimchunguza, na maelezo yake ya kwanza yakatoka gazetini, katika South African Commercial Advertiser. Mpanga chapa alikosea herufi za jina la kisayansi, na kosa hilo likazua ubishi uliodumu zaidi ya miaka 150, mpaka tahajia ya Rhincodon ilipoidhinishwa 1984. Ngozi ya samaki yule ilinunuliwa na makumbusho ya Paris.

Miaka 40 ikapita karibu kimya. Katika miaka ya 1860 Edward Perceval Wright, mtaalamu kutoka Ireland, alifika Shelisheli akakuta wenyeji wakimfahamu vyema samaki ambaye Ulaya ilikuwa na ngozi yake moja tu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Eugene Gudger wa makumbusho ya viumbe ya New York alikusanya kila taarifa aliyoipata, zikiwemo za meli zilizomgonga papa huyu akielea juu ya maji. Hata hivyo, orodha iliyochapishwa 1986 ilikuwa na taarifa 320 tu, kwa bahari zote za dunia tangu siku ya Smith. Ndivyo potwe alivyoitwa adimu. Waliomwona kila mwaka hawakuwa wameulizwa.

Mafia ni mfano mzuri. Kuanzia Oktoba hadi Machi, majira ya kaskazi, potwe hukusanyika karibu na Kilindoni, kukiwa na uduvi tele. Samaki wadogo humfuata, na wavuvi nao humfuata yeye, kwani alipo pana mavuno. Mara nyingine huzungushiwa wavu pamoja na samaki. Hapo wavuvi huukandamiza ukingo wa juu wa wavu uzame, na mnyama mwenye urefu kupita mashua yao hupita juu yake polepole, mgongo wenye madoa ukitokeza majini, akaenda zake.

Kaskazi ikiisha hutoweka, na kwa muda mrefu ilisadikiwa kwamba huhama. Watafiti waliwafunga vifaa vya kutoa mlio na kutega vipokezi chini ya bahari. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa wengi wao hawaendi mbali: wakati wa kusi husogea nje kidogo na kukaa kwenye kina kirefu zaidi, pasipo jicho la kuwaona.

Kuwatambua mmoja mmoja kunategemea madoa, kwa kuwa hakuna wawili wanaofanana. Njia ya kuyalinganisha kwa kompyuta, iliyotangazwa 2005, iliazimwa kwa wanaastronomia, waliokuwa wakiitumia kusoma picha za nyota. Wavuvi wa Madagaska walikuwa wametangulia kwa jina.

Kwingineko pia macho ya wafanyakazi yalitangulia. Mwaka 2007 picha zilizopigwa kwenye mitambo ya mafuta ya Al Shaheen, Qatar, ziliwaonyesha potwe wengi kwa pamoja. Uchunguzi ukathibitisha kuwa zaidi ya 100 hukusanyika pale kula mayai ya samaki wa jamii ya jodari.

Kujulikana huku kumekuja wakati wa hatari. Biashara ya kimataifa ya potwe ilidhibitiwa 2002, na 2016 aliwekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, baada ya kukadiriwa kwamba Bahari ya Hindi na Pasifiki zimepoteza zaidi ya nusu yao katika miaka 75, kwa uvuvi na kugongwa na meli.

Wanaoonekana Mafia wengi ni madume machanga. Jike aliyevuliwa Taiwan 1995 alikutwa na watoto wapatao 300 tumboni, wakubwa wao wakiwa na urefu wa sentimita 60 hivi. Watoto wa kimo hicho ni nadra sana kukutwa baharini, na tangu 1828 hakuna aliyeandika kwamba ameshuhudia potwe akizaa.