Unaanzisha chapa ya nguo? Hivi ndivyo unavyompata mkata paterni sahihi

Wengi wanaoanzisha chapa ya nguo wanaanzia kwenye nembo, ukurasa wa Instagram na vitambaa. Mkata paterni anatafutwa mwisho, na mara nyingi anakuwa fundi yule yule aliyeshona gauni la sendofu. Hapo ndipo mtaji unapoanza kuvuja.

Paterni ni zile ramani za karatasi, kila kipande cha nguo na yake: mbele, mgongo, mkono, kola, mfuko. Kitambaa kinakatwa kwa kuzifuata. Karatasi moja ikikosewa, kosa haliishii kwenye nguo moja, linaingia kwenye zote ulizokata. Tuseme unatoa magauni 60 na kila moja linakula yadi 3 za kitenge. Hizo ni yadi 180, yaani pisi 30 za yadi 6. Nguo ikiwa pana utaipunguza, lakini ikibana nyonga kwa sentimita 4 huna pa kuongezea. Kitambaa kimeshakatwa.

Fundi mzuri na mkata paterni ni watu wawili

Fundi wa mtaani anakupima, anachora kwa chaki juu ya kitambaa, anakata, unajaribu, anarekebisha. Ni ujuzi mkubwa na wengine wanaufanya kwa macho tu. Lakini anashona kwa mwili mmoja ulio mbele yake. Wewe unauza kwa watu ambao hamjaonana. Dada wa Mwanza aliyeagiza saizi 14 kwa WhatsApp anategemea 14 ya leo iwe sawa na 14 ya mwezi ujao. Kwa hiyo unahitaji mtu anayeweka kazi kwenye karatasi, anayejua kupandisha na kushusha saizi, na ambaye paterni zake fundi mwingine anaweza kuzisoma bila yeye kuwepo.

Watu hawa wapo. Kuna waliosomea VETA, kuna waliosoma mambo ya nguo vyuo vikuu, na kuna waliotoka viwandani, kama vile vya EPZ kule Athi River, Kenya, vinavyoshona kwa soko la Marekani. Wa kiwandani amezoea saizi nyingi na hesabu ya kitambaa. Ila muulize alikuwa anafanya nini hasa. Mtu anaweza kukaa kiwandani miaka 8 akikata kwa mashine kwa kufuata paterni iliyoletwa na mnunuzi wa nje, bila kuchora hata moja yake.

Angalia pia aina ya nguo. Aliyebobea kwenye suti si lazima aziweze nguo za kuvutika. Paterni ya nguo ya kubana ya kitambaa kinachovutika huwa ndogo kuliko mwili wenyewe, wakati ya kitenge lazima iache nafasi ya kupumua.

Mpe jaribio, na umlipe

Picha za kwenye simu hazitoshi, maana hujui nani alikata. Mpe mchoro mmoja na vipimo vya mtu mmoja, akuletee paterni pamoja na sampuli iliyoshonwa kwa kitambaa cha bei rahisi kama amerikani. Kama nguo yako itakuwa ya kuvutika, sampuli nayo iwe ya kuvutika.

Kabla hata hajaanza, sikiliza maswali yake. Anayejua kazi atauliza kitambaa gani, kinarudi kikifuliwa, mteja wako ni nani, zipu inakaa wapi. Akisema tu "hakuna shida bosi, nimeshaelewa" wakati hajui hata kitambaa, kuwa makini. Hilo la kurudi unaweza kulipima mwenyewe. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, fua, anika, piga pasi, pima tena. Kikibaki 48.5, kimerudi asilimia 3. Kwa gauni la urefu wa sentimita 120 hiyo ni sentimita 3.6 zilizopotea, na mteja wako ataligundua baada ya kufua mara ya kwanza.

Paterni ikifika, chukua futi ya kamba. Kila kipande kiwe na jina, saizi, idadi ya vipande vya kukata, mshale wa kuonyesha uzi wa kitambaa unaelekea wapi, na alama za kukutanisha mshono. Nafasi ya mshono iandikwe, iwe sentimita 1 au 1.5. Pima mshono wa ubavuni wa mbele na wa nyuma, ni lazima zilingane, isipokuwa kama kuna mkunjo uliopangwa. Pima pia kichwa cha mkono na shimo lake. Kwa mkono wa kawaida wa kitambaa kisichovutika, kichwa huzidi kidogo, mara nyingi sentimita 2 hadi 4. Kikizidi 7, fundi atahangaika na mikunjo begani.

Sampuli mvalishe mtu, usiishie kwenye manekeni. Mwambie akae, ainue mikono, apande bajaji. Manekeni haikai.

Suala la saizi

Muulize anatumia chati gani. Nyingi zinazozunguka mtandaoni zimetengenezwa kwa miili ya Ulaya na Marekani. Kama wateja wako wana kiuno chembamba na nyonga pana, nguo zitakaa nyongani na kupwaya kiunoni. Bora upime wateja wako wenyewe, hata 20 au 30, umpe namba hizo afanyie kazi.

Kisha mwombe akupandishie saizi mbili juu. Kifuani huwa zinaongezeka kama sentimita 4 au 5 kwa kila saizi, lakini bega halikui hivyo, linaongezeka kidogo sana. Anayeongeza sawa kila upande atakupa saizi kubwa zenye mabega yanayodondoka. Dada wa saizi 18 anaijua hiyo shida vizuri sana.

Kuhusu kompyuta, usibabaike na picha nzuri za CLO 3D. Karatasi ya manila inatosha kuanzia. Programu zinasaidia ukiwa na saizi na mitindo mingi, na ipo ya bure kama Seamly2D. Akikuletea PDF, chapisha ukurasa mmoja na upime kile kiboksi cha kupimia kabla ya kukata chochote.

Paterni zinabaki kwa nani?

Hili waanzaji wengi hawaliulizi. Unakuta mtu amelipa mitindo 10, kumbe manila zote zimening'inia ukutani kwa fundi. Siku wakigombana, chapa inaanza sifuri. Andikeni hata nusu ukurasa na msaini: bei ni kwa mtindo au kwa siku, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, kupandisha saizi kunalipiwa kivyake au la, paterni ni mali ya chapa, na haruhusiwi kumuuzia mwingine. Malipo ya mwisho yatoke siku unapokabidhiwa karatasi zote.

Na akitokea wa bei ya chini sana kwa sababu "nitakata moja kwa moja kwenye kitambaa", huyo hakuuzii paterni. Anakushonea nguo moja.