Ajaye Midomoni na Asiyetajwa

Labda wewe, msomaji, umepata kuketi na wenzako sokoni Chuka au Runyenjes msimu wa mpira umalizikapo, mkabishana: ni nani aliyestahili kuitwa mchezaji bora, na ni nani angalifaa kuichezea Kenya? Mabishano hayo si mageni. Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage mwaka 1926. Ligi ya taifa la Kenya ikaanzishwa mwaka 1963, na Nakuru All Stars wakawa mabingwa wake wa kwanza.

Lakini wengi wa watu wa Meru na Embu hawakuiona michezo mikubwa ya Nairobi kwa macho yao. Waliisikia katika redio. Humo mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilitaja jina la Joe Kadenge mara nyingi, hata msemo wa “Kadenge na mpira” ukaenea nchi nzima.

Kadenge alistahili sifa zake. Walakini fikiri: mtangazaji humtaja mwenye mpira. Je, beki aliyeziba njia hata adui asithubutu kupita kwake, yeye alitajwa na nani?

Ndivyo ilivyo historia. Masimulizi huwataja wachache, na waliofanya kazi kimya husahauliwa. Basi utakapobishana tena, usiulize ni nani atajwaye sana, wala ni mtu wa kabila gani. Uliza alifanya nini, na ni nani aliyeshuhudia.