Uzani au Asili: Kuhusu Kibete Chekundu Kichanga na Mwandani Wake

Mnamo Januari 2016, Niall Deacon wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, pamoja na wenzake Joshua Schlieder na Simon Murphy, walibainisha kwamba nyota iliyomo katika orodha za wanafalaki kwa jina la TYC 9486-927-1, na gimba hafifu liitwalo 2MASS J2126-8140, ambavyo kwa miaka kadhaa vilijulikana kila kimoja peke yake bila ya mtu kuvinasibisha, kwa hakika vinafuatana. Kwani vyote viwili vinasafiri angani upande mmoja na kwa mwendo mmoja, katika kundinyota la Octans lililo jirani na ncha ya kusini ya mbingu, masafa ya zaidi ya miaka 100 ya nuru kutoka kwetu. Baina yao pana umbali upatao mara 6,900 ya ule wa Dunia na Jua, ilhali Neptuni, iliyo ya mwisho miongoni mwa sayari zetu, haiko mbali na Jua ila kwa mara 30 tu za kipimo hicho. Mzunguko mmoja wa gimba hilo hafifu, mwandani wa nyota, hukadiriwa kuchukua miaka 900,000, hata tangu kuzaliwa kwake hajatimiza mizunguko 50.

Habari ilipoenea, wengi walimpokea mwandani huyo kuwa ni sayari iliyo mbali na nyota yake kupita zote zilizopata kujulikana. Mimi naona hukumu hiyo ilipitishwa kwa haraka, na kwamba mizani iliyotumiwa kuipitisha haifai kwa kesi kama hii.

Mizani yenyewe ni ya uzani. Jumuiya ya Kimataifa ya Falaki iliweka mwaka 2003 kwamba gimba lizungukalo nyota, likiwa chini ya uzani upatao mara 13 za Mshtarii, ambao ndio mpaka wa kuweza kuunguza haidrojeni nzito, lihesabiwe kuwa sayari, vyovyote lilivyoumbika. Kanuni hiyo ina fadhila ya wepesi, wala siibezi. Lakini tuulize: uzani wa mwandani huyu umepatikanaje? Hakuna aliyeupima kwa mvuto wake juu ya nyota, maana katika umri wa mwanadamu mwendo wake katika njia hiyo hauonekani ila kwa uchache mno. Uzani wake umekisiwa kutokana na mwangaza wake na umri wake. Kwa sababu gimba la namna hii huzaliwa na joto kali, kisha hupoa kidogo kidogo, na kwa hiyo mwangaza ule ule, katika gimba changa, huonyesha uzani mdogo, na katika gimba kongwe huonyesha uzani mkubwa.

Na umri nao umesomwa kwenye nyota, ambayo ni kibete chekundu. Kibete chekundu, nyota ndogo kuliko Jua na yenye joto pungufu, kingali kichanga gesi yake huchemka ikizunguka toka juu hadi kiini, na lithi iliyorithiwa katika wingu la asili huteremshwa hadi penye joto la nyuzi zipatazo milioni 2.5, ikateketea. Basi nuru ya nyota ikichanuliwa rangi zake, mwanachuoni hutazama katika wekundu wake, penye nanomita 670.8, kama pana mstari mwembamba wa giza: ukiwapo na nguvu, lithi ingalipo na nyota ni changa, ukififia, miaka imepita. Deacon na wenzake waliuona mstari huo, ukawapa umri ulio baina ya miaka milioni 10 na 45. Na kwa umri huo uzani wa mwandani ukatoka baina ya mara 11.6 na 15 za Mshtarii. Msomaji na aangalie vyema: mpaka wa 13 umeangukia katikati ya hesabu hiyo. Gimba lile lile ni sayari ikiwa nyota yake ni changa zaidi, na si sayari ikiwa nyota imezidi umri kidogo, ilhali katika gimba lenyewe hapana lililobadilika. Hukumu inayogeuka hivi haielezi tabia ya kitu.

Asili ndiyo inayoeleza. Sayari huumbika katika sahani ya vumbi na gesi iizungukayo nyota changa, na sahani hizo aghalabu huenea makumi au mamia machache ya mara za umbali wa Dunia na Jua. Kwenye mara 6,900 hakuna akiba ya kumjenga jitu kama huyu. Atakayesema kwamba alizaliwa karibu kisha akatupwa nje, ni lazima aonyeshe ni gimba gani lililokuwa na nguvu ya kumtupa, na vipi alitupwa kwa upole hata asikatike kabisa na nyota yake. Dhana iliyo nyepesi zaidi ni kwamba wawili hawa walitengana wingu lilipokuwa likiporomoka, kama zitenganavyo nyota pacha.

Hoja hii inaweza kujaribiwa, na hapo ndipo panapostahili juhudi: uwiano wa kaboni na oksijeni katika angahewa la mwandani upimwe, ulinganishwe na ule wa nyota, kwani kilichoumbika katika sahani huweza kuwa na uwiano uliopotoka, na kilichotoka katika wingu moja na nyota hutarajiwa kufanana nayo.