Mwalimu, Daktari au Muuzaji?

Leo nawaletea habari za watu ambao Kiswahili bado hakijakubaliana jina lao. Mtoto ana kigugumizi. Mzee amepata kiharusi na maneno yanamkwama. Fundi wa mashine hasikii tena vizuri. Nani anawashughulikia? Wengine husema mtaalamu wa matamshi, wengine tiba ya usemi, wengine wanafupisha tu: daktari. Nimekuwa nikisoma historia ya kazi hii huko Marekani, na kumbe hata wenyewe walihangaika na jina kwa zaidi ya miaka 50!

Mwaka 1925 kikundi kidogo kutoka chama cha walimu wa uzungumzaji kiliunda Akademia ya Marekani ya Kusahihisha Usemi, rais wake wa kwanza akiwa Robert West. Hebu litazameni hilo neno, kusahihisha. Ni la mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Mwaka 1927 wakalitupa, wakawa jumuiya ya kuchunguza matatizo ya usemi, yaani sasa sisi ni wanasayansi bwana. Mwaka 1934 wakarudi kwenye kusahihisha. Mnaona walivyokuwa wakiyumba?

Kuna watu ambao hawakutaka kabisa kufananishwa nao. Enzi hizo kutibu kigugumizi ilikuwa pia biashara ya matangazo: lete hela, utapona. Mnawajua, ni ndugu zao wale wa vibao vyetu vya kwenye nguzo za umeme. Kanuni zao za maadili za mwaka 1930 zilimkataza mwanachama kuahidi kwamba ataponya. Kwangu mimi taaluma ilizaliwa hapo, siku walipokubaliana kwamba mwenzao hana ruhusa ya kumwambia mzazi "mwanao atapona, lipa kwanza".

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na askari wakarudi masikio yameharibika kwa milio ya mizinga. Raymond Carhart, msomi wa masuala ya usemi, aliwahudumia katika hospitali ya jeshi ya Deshon, mjini Butler, Pennsylvania. Kazi ilikuwa kupima kila askari anasikia kiasi gani, kumchagulia kifaa cha kusaidia kusikia kinachomfaa, kisha kumfundisha kuishi nacho. Hapa hakuna cha kusahihisha, huyu si mwanafunzi. Fani mpya ikapata jina, odiolojia, na mwaka 1947 chama kikaongeza usikivu kwenye jina lake. Kifupi chake kikawa ASHA. (Ndiyo, kama Bi Asha wa Kariakoo. Mimi mwenyewe nilicheka.)

Ila ndoa hiyo ilikuwa na kasoro. Maadili ya ASHA yaliwakataza wanachama kuuza vifaa hivyo kwa faida. Mtaalamu anapima, anaandika, anamtuma mgonjwa dukani. Duka linapata hela, na mara nyingi linabaki na mgonjwa pia. Nia ilikuwa safi kabisa, ile ile ya 1930: anayekupima asiwe na tamaa ya kukuuzia. Lakini fikiria umesoma chuo kikuu miaka yote hiyo, halafu anayerekebisha kifaa sikioni mwa mgonjwa wako ni muuza duka! Marufuku hiyo iliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 chama kiliingiza pia neno lugha kwenye jina lake, lakini kifupi kikabaki ASHA vilevile.

Wa masikio hawakutulia. Mwaka 1988 James Jerger na wenzake walianzisha chama chao wenyewe, cha odiolojia tupu, na baadaye wakaifanya shahada ya udaktari kuwa ndiyo mlango wa kuingilia kazini. Wapo waliobaki ASHA, wapo walio kwenye vyama vyote viwili. Mimi nawaelewa waliotoka, ingawa mgonjwa wa leo hana budi kuuliza swali ambalo babu yake hakulihitaji: unanishauri kifaa hiki kwa sababu ya sikio langu, au kwa sababu ya kabati lako?

Huku kwetu, Makerere ilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Wahitimu wanarudi kwenye hospitali na shule ambako watu wengi hawajawahi kusikia kazi hiyo. Sasa nyie niambieni, huko kwenu mtu wa namna hii anaitwa nani?