Rangi Isiyo na Mwenyewe

Ujumbe uliingia usiku, wa sauti, dakika mbili nzima. Binamu yangu aliye Ndera hana mazoea ya kuandika. "Bro, tumepata pesa ya jezi. Si nyingi, lakini ni yetu, hatujapewa na mtu. Wewe ndiye unayejua kompyuta. Tuchoree." Akanyamaza kidogo, nikasikia watu wakibishana nyuma yake, kisha akarudi. "Lakini rangi uangalie. Rangi ndiyo kazi."

Nilicheka. Mimi hula kwa kuchapa fulana hapa Mombasa. Nimechora za chama cha akiba, za harusi, za mazishi. Mteja akishaleta pesa, rangi ni jambo la dakika tano.

Hii ilichukua wiki tatu, na kabla haijaisha nilikuwa nimesoma historia ya nchi hii kwa njia ambayo sikufundishwa shuleni.

Kwa asiyepajua, Ndera iko kando ya Mto Tana, ukiipita Garsen kuelekea juu. Msitu wake wa kingo za mto ni sehemu ya hifadhi iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya nyani wawili wadogo ambao hawapatikani popote pengine duniani, na mmoja wao ni mbega mwekundu wa Tana. Kwenye kingo, Wapokomo hulima ndizi, maembe, mahindi na mpunga. Nyuma yao, nchi kavu, ni malisho ya Waorma na Wawardei. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hushuka mtoni kupitia malka, zile njia za mifugo kwenda majini, na hapo ndipo shamba na ng'ombe hukutana uso kwa uso.

Agosti 2012 kulikutana vibaya. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, kisha Kipao mwezi Desemba, na Nduru Januari 2013. Zaidi ya watu 100 walikufa, wanawake na watoto wakiwemo. Vijiji hivyo viko chini kwenye delta, lakini hofu ilipanda na mto. Mwaka ule binamu yangu alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Sasa ana timu, na timu yenyewe ni ya watoto wa pande zote mbili. Hawakuiunda kwa sababu ya amani wala kwa sababu ya shirika fulani lililoleta mabango. Waliiunda kwa sababu kijiji kimoja hakina watu kumi na mmoja wanaojua mpira.

Nikatuma mchoro wa kwanza. Rangi ya machungwa, ufito mweusi ubavuni, nembo ya mbega kifuani. Niliupenda sana.

Jibu lilikuja baada ya saa moja: "Hiyo ni ODM."

Sawa. Nikageuza, manjano. "Hiyo ni UDA. Watu watauliza ni mheshimiwa gani ametununulia." Nyekundu? "Jubilee." Nikamwambia Jubilee yenyewe siku hizi haina nguvu. Akasema nguvu inaisha, fulana zinabaki. Kweli, ukienda shamba lolote kule utakuta mtu anapalilia akiwa amevaa uchaguzi wa 2013.

Wakenya tunadhani tumezaliwa tukijua rangi hizi ni za nani. Si kweli, tumefundishwa, na somo kubwa lina tarehe: 21 Novemba 2005, siku ya kura ya maoni kuhusu katiba. Tume ya uchaguzi iliwapa waliounga mkono alama ya ndizi, na waliopinga chungwa. Chungwa likashinda, na waliolibeba wakaligeuza kuwa chama. Fikiria uko Ndera mwaka ule. Ndizi ni chakula chako, ni karo ya mtoto, ni kitu cha kumpelekea mkwe. Halafu unaamka siku moja ndizi imekuwa upande wa serikali. Mwaka 2010, kura ya pili, tume ilitumia rangi tupu: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Hata tunda halikuhitajika tena.

Nilipokwama, nikaanza kutafuta waliofanya kazi hii kabla yangu. Klabu kubwa zetu zilipataje rangi, na ziliwezaje kukaa nazo?

AFC Leopards ilianza mwaka 1964 kama Abaluhya, baada ya timu kadhaa za Waluhya kuungana. Gor Mahia ikafuata mwaka 1968. Kisha, mwanzoni mwa utawala wa Moi, ikatoka amri kwamba vyama na timu ziache majina ya makabila. Kufikia 1980 Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Luo Union ikawa Re-Union. Kwenye karatasi, ukabila ukawa umeondolewa uwanjani.

Lakini hakuna aliyetoa amri kuhusu nguo. Buluu na nyeupe za Abaluhya ziliendelea kuvaliwa na timu yenye jina la Kiingereza, na mashabiki wakalitafsiri jina hilo papo hapo kurudi nyumbani: Ingwe, yaani chui. Kijani cha Gor kikabaki kijani cha K'Ogalo. Nyayo ilitoa kabila kwenye jina, jezi ikalihifadhi. Baba yangu, ambaye si Mluhya wala Mjaluo na hakuwahi kuishi Nairobi, alikuwa Ingwe hadi kufa, na ukimuuliza kwa nini atakwambia alipenda ile buluu. Mwaka 1987 Gor ilipochukua Kombe la Washindi Afrika kwa kuwazidi Espérance ya Tunisia, alishangilia akiwa ameshika kitambaa cha buluu. Alisema hana cha kijani.

Ng'ambo ya mpaka, Dar es Salaam, ni hivyo hivyo. Klabu iliyozaliwa mwaka 1936 ikiitwa Queens, ikawa Eagles, ikawa Sunderland, iliambiwa mwaka 1971 iachane na majina ya kizungu. Ikawa Simba. Sunderland ya Uingereza huvaa nyekundu na nyeupe. Jina la mkoloni liliondoka na wekundu ukabaki, na leo hakuna shabiki wa Msimbazi atakayekubali kwamba ule wekundu una uhusiano wowote na Uingereza. Watani wao Yanga, kijani na manjano tangu zamani, walifika hatua ya kugomea alama nyekundu ya Vodacom kwenye jezi zao wakati kampuni hiyo ikidhamini Ligi Kuu. Pesa inatakiwa, jamani, ila kadoa kekundu kifuani hapana. Ukiniuliza mimi, huo ni mmoja wa wakati wachache mdhamini amekumbana na kitu ambacho hakiuzwi.

Kwa sababu mambo mara nyingi huenda kinyume. Tazama hoki. Zamani Kenya ilikuwa taifa la hoki kweli kweli. Kwenye Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona tulimaliza wa nne, nyuma ya Pakistan, Uhispania na India. Baadaye waliobeba mchezo huo Afrika walikuwa akina dada wa Telkom, mabingwa wa ligi miaka nenda miaka rudi, na mabingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Kampuni yao ilipouzwa kwa Wafaransa, mwaka 2008 likaja jina jipya la biashara, Orange, na timu ikawa Telkom Orange. Mwaka 2008! Damu ya uchaguzi haijakauka, chungwa likiwa ndiyo rangi nzito kuliko zote nchini, halafu kampuni inafika kutoka Ulaya na rangi hiyo hiyo mkononi, kwa sababu zake za kibiashara, kama mgeni anayeingia matangani amevaa nguo ya harusi. Wachezaji hawakuulizwa. Mwaka 2017 kampuni ikabadilika tena, jina la Orange likatupwa. Udhamini ulipoisha, wachezaji wakabaki na vijiti vyao, na siku hizi timu inaitwa Blazers. Vikombe ni vile vile. Ila shabiki wa miaka ishirini wa timu ile ana majina matatu ya kukumbuka, na hana wimbo mmoja.

Kuna hata hoki ya barafu Nairobi, najua unacheka. Ice Lions walikuwa wakicheza kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, bila timu nyingine nchini ya kucheza nayo. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Canada, Tim Hortons, iliwasafirisha hadi kule wakacheza mechi wakiwa na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon upande wao, wakavalishwa vifaa kamili, na tukio zima likawa tangazo. Niliangalia lile tangazo mara nyingi wiki zile. Kila mara nilisimama pale wanapovaa. Kabla ya hapo ni vijana wanaoteleza. Wakishavaa nguo moja, hata hujahitaji kuambiwa ni timu.

Nikampigia binamu. Nikamwambia basi tuchague kijani, Ndera yenyewe ni kijani.

Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. "Kijani cha nani?" akauliza. "Cha mahindi au cha majani ya ng'ombe?"

Sikuwa na jibu. Ndicho kilichouliwa watu.

Buluu? Tangu sare za polisi zibadilishwe kuwa buluu mwaka 2018, hakuna kijana wa kule anayetaka kuonekana kwa mbali akikimbia na buluu. Nyeusi, jua la Garsen litawaua kabla ya mapumziko. Nyeupe ilipata kura kadhaa, mpaka mzee mmoja aliyekuwa amekaa tu kando akasema timu nzima itafanana na maiti waliovalishwa sanda. Hiyo ikaisha.

Kwenye nyeupe ndipo nilipokumbuka bendera. Sote tulifundishwa: nyeusi ni watu, nyekundu damu, kijani ardhi, nyeupe amani. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa za KANU. Nyeupe ilikuwa kwenye bendera ya KADU, chama cha Ronald Ngala, chama cha sisi wadogo, Pwani na Bonde la Ufa, tulioogopa kumezwa na makabila makubwa. Bendera ya taifa ilipotengenezwa mwaka 1963, nyeupe iliingizwa, lakini itazame vizuri: haikupewa eneo. Ilipewa mistari miwili myembamba, kazi yake kuzuia rangi za wengine zisigusane. Mwaka uliofuata KADU ilijivunja ikaingia KANU. Mistari imebaki.

Nikaacha kutafuta rangi ya watu. Nikamwomba binamu ashuke mtoni asubuhi, apige picha ya maji, anitumie. Hakuuliza kwa nini. Picha ilikuja: Tana baada ya mvua za juu, kahawia iliyoiva, kama chai iliyomwagwa maziwa ya kutosha. Nikaichukua rangi hiyo kwenye kompyuta, nikaijaza kwenye jezi nzima. Nikapitisha mstari mwembamba mweupe kifuani, mbega juu yake.

Kulikuwa na kelele. Mmoja alisema inaonekana chafu hata kabla haijavaliwa. Mwingine alisema mto huo ulibeba nyumba yao 2018, ukarudi 2023 kubeba ya pili, sasa avae? Binamu alinitumia sauti ya golikipa wao, Muorma, akiongea Kiswahili chake cha taratibu: kwamba ng'ombe wakitoka mtoni huwa na rangi hiyo hadi magotini, na miguu ya mtu anayepanda mpunga huwa na rangi hiyo pia, na haijapata kuonekana kwenye lori la mheshimiwa yeyote.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Haikupita kwa wingi.

Nikachapa kumi na nane, nikazituma kwa basi hadi Minjila, pikipiki ikazimalizia safari. Siku ya tatu nilipata picha: kumi na mmoja kwenye uwanja wenye nyufa, jua limewapiga usoni, na kwa kuwa vumbi la pale nalo ni kahawia, karibu hawaonekani, isipokuwa ule mstari mweupe.

Na golikipa. Golikipa kwa sheria lazima avae rangi tofauti na wenzake, na katika kelele zote zile hakuna aliyekumbuka. Alikuwa amevaa fulana ya kampeni, ameigeuza ndani nje. Simu ililia muda huo huo.

"Bro," binamu akasema, "sasa huyu tumvishe nini?"